Neno Nililolikata kwa Wino Mwekundu

Katika sanduku la bati ninamohifadhi makaratasi ya kazi yangu ya zamani, chini ya maandalio ya masomo na barua za uhamisho, limo daftari moja la insha la mwanachuo wa mwaka 1986. Mchwa wamekwisha kula ukingo wa jalada, lakini kurasa za ndani zinasomeka. Nililibakiza daftari hilo kwa sababu ambayo leo inaniaibisha: nilikuwa nikilitumia kuwaonyesha wanachuo wa miaka iliyofuata mfano wa makosa ya msamiati. Humo mna insha yenye kichwa "Siku Nisiyoisahau", na aya yake ya pili inaanza hivi: "Ilikuwa Julai, kusi imeshika, lakini siku mbili hizo kuliingia kijikaskazi, watu wakatoa mikeka nje." Neno kijikaskazi nimelizungushia duara jekundu. Pembeni nimeandika: "Neno hili halipo. Tena Julai hakuna kaskazi. Andika: kulikuwa na joto." Nikamkata alama mbili.

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua riwaya, tamthilia na diwani. Sijapata kumwona mwalimu akihakiki sahihisho lake mwenyewe. Nitajaribu kufanya hivyo hapa, kwa kuwa sahihisho nalo ni maandishi: lina mwandishi, lina msomaji mmoja anayelisoma kwa hofu, na lina madhara yanayodumu kuliko riwaya nyingi. Dai langu ni hili: katika duara lile jekundu nilifuta neno ambalo Kiswahili kilikuwa kinalihitaji, na ambalo siku hizi kinalihitaji zaidi.

Kwanza nimtambulishe msahihishaji, maana mhakiki mwaminifu humtazama mwandishi kabla ya kutazama kazi yake. Mimi nilizaliwa Makete, katika nyanda za juu, ambako mwezi wa Juni na Julai sakitu hulala juu ya majani asubuhi, na mtoto huenda shule huku mikono ameificha kwapani. Kiswahili nilikikuta shuleni. Nilikijua kwa vitabu, nikakipenda, nikakifundisha, na hatimaye nikawa mwalimu mkuu hadi nilipostaafu. Yule mwanachuo alitoka kisiwa cha Mafia. Kiswahili alinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Kwangu mimi kaskazi ilikuwa upande mmoja wa ramani, juu ya ubao, kinyume cha kusini. Kwake ilikuwa upepo unaogusa shavu, miezi ya mwaka, hali ya bahari, na joto linaloambatana na hayo yote. Basi mtu wa milimani akachukua kalamu akamfundisha mtu wa pwani maana ya upepo wake. Jambo hilo lilitendeka katika madarasa mengi ya nchi hii, nasi tuliokuwa tukilitenda tulijiona tunalisanifisha taifa.

Sikulikumbuka daftari hilo kwa miaka mingi. Lililonikumbusha ni usiku mmoja wa Julai hapa Mbagala, ninapoishi tangu kustaafu. Msomaji anayekaa pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Temeke kama mimi au kule Kinondoni, anazijua nyumba zetu. Bati huwaka mchana na kupoa upesi, lakini kuta za tofali za saruji hulinywa joto kutwa, kisha hulitema usiku, saa ambayo mtu anataka kulala. Januari na Februari tumekwisha kuzoea hayo. Usiku wa miezi hiyo jijini hubaki karibu na nyuzi joto 25, na kila mtu hujipanga: feni, dirisha, khanga iliyoloweshwa maji. Julai si hivyo. Julai usiku hushuka hadi karibu nyuzi 18 au 19, na watu wa Dar es Salaam hutoa masweta ambayo sisi wa Makete huyacheka. Usiku huo hapakuwa na sweta. Mke wangu aliamka, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba Upendo," akasema, "hili si joto lake."

"Joto ni joto, mama," nikamjibu huku nimefumba macho.

"La Februari nalijua, nalitarajia. Hili limeingia bila hodi."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimemjibu mke wangu jibu lile lile nililomwandikia yule kijana wa Mafia: joto ni joto, andika joto. Naye, kama yule kijana, hakuwa akizungumzia ukubwa wa joto. Alikuwa akizungumzia wakati wake. Asubuhi nikalifungua sanduku.

Tuanze na haki. Kiswahili si maskini wa maneno ya joto, na mtu asije akanisoma akadhani nalalamikia umaskini huo. Tunalo joto lenyewe, neno pana linalofaa uji, mwili wa mgonjwa na hali ya hewa. Tunayo hari, ambayo hubeba joto na jasho lake kwa pamoja, kana kwamba lugha iligundua mapema kuwa kwetu vitu hivyo viwili havitengani. Tunalo fukuto, ambalo ni joto la kufungiwa, hewa imesimama, jasho linatoka lisikauke kwa kuwa hewa imekwisha kushiba mvuke. Na mwili wa binadamu hupoa kwa jasho kukauka. Lisipokauka, mtu huungua kwa ndani taratibu. Tunayo harara, joto linalofika ngozini likaacha vipele, ambalo kila mama mwenye mtoto mchanga anaijua. Tunalo jua la utosi, pale jua linapopita juu kabisa ya vichwa vyetu, jambo ambalo kwa Dar es Salaam hutokea karibu na tarehe 10 Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi. Mvua ikikaribia, majirani husema, "Hili joto ni la mvua," na aghalabu hawakosei.

Vijana wa bodaboda pale kituoni nao wana yao. Watakwambia leo kuna joto la kufa mtu, au kwamba jua linakaanga. Siwalaumu, lugha ya mtaani ina nguvu na ucheshi wake. Lakini tuyapange maneno haya yote, ya kale na ya kituoni, kisha tuyaulize swali moja: je, liko linalosema kwamba joto limekuja wakati usio wake? Fukuto linaeleza jinsi joto linavyokuwa. Hari na harara zinaeleza linavyomfanya mtu. Joto la kufa mtu linaeleza kiasi chake. Wakati umekosa neno.

Kwa nini iwe hivyo? Nimelifikiria jambo hili, na jibu nililolipata limo ndani ya insha ya yule kijana. Watu wa pwani hawakuugawa mwaka kwa joto na baridi. Waliugawa kwa upepo na mvua. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, nayo ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India. Kusi hushika kuanzia Aprili na kuendelea katikati ya mwaka, ikayarudisha. Kati yake kuna maleleji na tanga mbili, wakati upepo haujaamua. Kuna masika na vuli kwa mvua, kuna kipupwe katikati ya mwaka, kuna demani kusi inapolegea, kuna mchoo, ile mvua ndogo ya kupita. Mabaharia na wakulima walikuwa hata na mwaka wao wa siku 365, uliohesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi, tangu Siku ya Mwaka. Na Makunduchi, Unguja, watu wangali wanaisherehekea siku hiyo kila Julai kwa Mwaka Kogwa.

Katika mpango huo joto halikuhitaji jina la pekee. Lilikuwa mtoto wa upepo. Aliyesema "kaskazi imeingia" alikuwa amekwisha kusema joto limeingia, wala hakuhitaji kuongeza neno. Lakini siku joto lilipokuja peke yake, bila mzazi wake, likawa halina wa kulidai. Ndipo mtu wa pwani mwenye akili hutazama akasema: joto hili nalifahamu uso wake, ni la kaskazi, ila ni dogo tena limepotea njia. Kijikaskazi. Yule kijana hakuwa amekosea majira. Aliandika wazi kabisa kwamba kusi imeshika. Alijua kuliko mimi kwamba Julai hakuna kaskazi, na hicho ndicho kilichompa sababu ya kuunda neno.

Sasa naja kwenye sehemu ya kisa hiki ambayo ni ngumu zaidi kwangu kuisimulia. Miaka kadhaa baada ya insha ile, chuoni petu alikuwapo kijana wa Kijapani aliyekuja kwa kujitolea kufundisha hisabati. Wajapani wa kujitolea wamekuwa wakija Tanzania tangu miaka ya 1960, na walimu wengi wa rika langu wamefanya nao kazi. Jioni moja ya Novemba alipata barua kutoka kwa mama yake, akanitafsiria kipande. Mama alikuwa ameandika kwamba kwao baridi imekwisha kuanza, lakini juma hilo walikuwa na siku za koharu-biyori. Nikauliza maana yake. Akasema ko ni dogo, haru ni majira ya machipuko, na biyori ni siku njema yenye anga safi. Siku ya kijichipuko, tuseme.

"Kumbe Novemba kwenu kuna machipuko?" nikamuuliza.

"Hakuna, Mwalimu," akajibu. "Ndiyo maana tunasema madogo."

Nilifurahi mno. Nikaliandika neno lile katika shajara yangu, na wiki iliyofuata nikawaeleza wanachuo jinsi Wajapani walivyo na lugha yenye macho makali. Katika kabati langu, hatua chache kutoka pale niliposimama, lilikuwamo daftari lenye neno la Kiswahili lililojengwa vile vile, kwa matofali yale yale: kitu kidogo, pamoja na jina la majira yasiyokuwapo. La mama wa Kijapani nililiita ushairi. La kijana wa Mafia nililiita kosa. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha mbacha, na juu yake nikaukata alama mbili.

Kwa kuwa nimewataja Wajapani, ni vyema nieleze zaidi, maana mpangilio wa maneno yao unatufundisha kitu. Wao wana mafungu matatu ya maneno ya joto. Fungu la kwanza ni la kalenda. Kalenda yao ya kale, yenye asili ya China, iliugawa mwaka kwa vituo 24, na kila kituo kikagawanywa tena hata zikawa sehemu 72, kila moja ya siku tano hivi. Kituo cha mwanzo wa vuli yao huangukia karibu na tarehe 7 au 8 Agosti. Joto la baada ya siku hiyo, hata likiwa kali kuliko la Julai, huitwa zansho, yaani joto lililobaki, na watu hupelekeana kadi za kujuliana hali katika joto hilo. Fungu la pili ni la hisia, kama mushiatsui, joto la mvuke, ambalo mtu wa Mbagala angelitambua mara moja kuwa fukuto. Fungu la tatu ni la vipimo. Idara yao ya hali ya hewa huita siku ifikayo nyuzi 25 siku ya kiangazi, ya nyuzi 30 siku ya kiangazi kamili, na tangu mwaka 2007 ile ya nyuzi 35 ina jina lake, moshobi, siku ya joto kali mno.

Katika vipimo hivyo kuna neno lililonichekesha, kisha likanifikirisha. Usiku ambao joto halishuki chini ya nyuzi 25 wao huuita nettaiya. Maana yake ni usiku wa nchi za tropiki. Yaani usiku wa kwetu! Usiku wa kawaida wa Februari pale Temeke, Wajapani wamelifanya jina la taabu yao. Wao wana jina la usiku wetu, nasi wenye usiku huo hatukuupa jina.

Lakini mhakiki asilewe sifa za wengine. Maneno hayo nayo yanaelemewa. Hata huko wapo wengi wanaodhani koharu ni siku ya majira ya machipuko yenyewe, kwa kuwa wamelisahau hesabu la kalenda ya zamani. Na hali ya hewa yenyewe imeyapita maneno. Tarehe 7 Novemba 2023 Tokyo ilifika nyuzi 27.5, kiwango ambacho kwa vipimo vyao ni siku ya kiangazi, katika mwezi wa baridi kuanza. Huwezi kuliita hilo chipuko dogo. Agosti 2025 mji wa Isesaki ulifika nyuzi 41.8, joto kubwa kupita lolote lililokuwa limewahi kupimwa nchini humo. Neno laini likibandikwa juu ya jambo la namna hiyo huwa ni shuka nadhifu juu ya kitanda chenye kunguni.

Turudi nyumbani, tuulize sisi tunayasemaje mambo haya hadharani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inastahili shukrani kwa jambo moja ambalo walimu hatukulifanya vizuri: imeyaweka hai majina ya masika, vuli na kipupwe, na kila msimu huyatumia katika utabiri wake, hata mtoto wa mjini asiyeujua upepo husikia kwamba Juni hadi Agosti ni kipupwe. Lakini linapokuja joto, lugha inakauka. Tunaambiwa joto litakuwa la wastani au juu ya wastani. Neno wastani ni halali kwa mtu wa vipimo. Bila wastani hakuna sayansi. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kulala katika wastani. Mama muuza samaki ambaye Julai huweza kufika na ndoo yake mpaka saa tano bila samaki kulegea, anahitaji kuambiwa kwamba leo atembee kama Februari. "Juu ya wastani" hakumwambii hivyo. Kijikaskazi kungemwambia kwa neno moja: joto la kaskazi, kwa siku chache, nje ya miezi yake. Angenunua barafu.

Vyombo vya habari navyo vimetuletea wimbi la joto. Neno hili limetafsiriwa kutoka nje, nalo linafaa kwa Ulaya, ambako joto hupanda ghafla likavunjika. Sisi watu wa bahari tunalijua wimbi. Wimbi hupiga na kurudi, lina sauti, unaliona likija. Fukuto la Mbagala halina tabia hiyo. Huingia kimya, hukaa ukutani, hulala nawe. Tumekopa taswira ya baharini kutoka kwa watu wa bara, tukaacha ya watu wetu wa baharini. Na kabla ya hapo tulikuwa tumefanya kinyume chake: vitabu vyetu vya shule viliwakopesha Wazungu majina ya majira yetu, vuli ikawa majani kupukutika, kipupwe kikawa theluji. Nimefundisha hivyo mwenyewe. Mtoto akajua kwamba vuli ni wakati wa majani ya rangi ya dhahabu huko London, asijue kwamba ni mvua ya Oktoba inayomloweshea daftari.

Kuna pingamizi la kisarufi ambalo mwalimu mwenzangu atalileta, na ni haki alilete, kwa sababu mimi mwenyewe nililitumia. Mwaka ule nilifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mwaka 1981, nikakosa kijikaskazi, nikaridhika. Hoja hiyo haina miguu. Kamusi haiwezi kuorodhesha kila udogo na kila ukubwa tunaouunda kila siku. Huweka mzizi, ikamwamini msemaji. Pingamizi la pili ni kwamba kiambishi -ji- kinafaa mashina mafupi, kama mti ukawa kijiti na mto ukawa kijito. Kweli, lakini Kiswahili hukitumia pia pale kinapotaka udogo juu ya udogo, au udogo wenye mzaha ndani yake: kitabu kikawa kijitabu, mtoto akawa kijitoto. Tena angeandika kikaskazi, msomaji angefikiri ni mambo ya upande wa kaskazini. Kijana alichagua umbo lililo wazi, lenye udogo na lenye kejeli kidogo. Mwandishi aliyekomaa asingefanya vizuri zaidi.

Liko pingamizi la tatu, zito kuliko hayo, nalo ni lile la Tokyo. Je, jina zuri halitatufanya tulizoee lililo baya? Mwaka 2024 ulitangazwa kuwa wenye joto kubwa kupita wote duniani tangu vipimo vianze, takriban nyuzi moja na nusu juu ya kiwango cha kabla ya zama za viwanda. Kijikaskazi cha mwaka 1986 kilikuwa siku mbili za kutoa mikeka nje, neema ya kupita. Vya leo vikizidi kuwa vingi na virefu, neno la udogo litakuwa uongo. Nakubali. Lakini tazama: ili mtu aweze kusema kwamba kijikaskazi cha mwaka huu kimezidi, lazima kwanza awe na neno kijikaskazi. Asiye na jina la kitu kilichotoka majira yake hawezi kuhesabu kimetoka mara ngapi. Kila mwaka atasema "joto, joto," na wajukuu wake wataamini kwamba Julai ndivyo ilivyokuwa siku zote. Jina ni fundo kwenye kamba. Ukiwa nayo mafundo, unajua mambo yamekwenda umbali gani.

Wala sisemi neno hilo litoshe kila jambo. Kuna joto linalogoma kuondoka Aprili, masika yamekwisha kuanza lakini usiku haujapoa. Siku moja mke wangu, akiwa jikoni, aliliita kiporo. "Hiki kiporo cha Februari," alisema, "hata ukikipasha hakina ladha." Hakujua kwamba ametafsiri zansho ya Wajapani, joto lililobaki, kwa neno la chungu. Nimelisikia kwake tu, na sijui kama litatoka nje ya ua wetu. Maneno huanza hivyo, kwa mtu mmoja kuliona jambo na kulitamka mbele ya mwingine asiyemkatiza. Hapo ndipo mwalimu ana hatari kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ameajiriwa kukatiza.

Nihitimishe uhakiki wangu kama ilivyo desturi, kwa kutaja uzuri na udhaifu wa kazi iliyohakikiwa. Uzuri wa sahihisho lile ni mwandiko, ambao unasomeka vizuri. Udhaifu wake ni kwamba mwandishi hakuuliza swali. Ningeandika pembeni, "Hiki ni nini? Nieleze," kijana angenijibu, nami ningejifunza upepo nikiwa na miaka thelathini na mitano badala ya sabini na zaidi. Madhara yake yanaonekana ndani ya daftari lenyewe. Insha inayofuata, ya mwezi uliofuata, ina sentensi hii: "Hali ya hewa ilikuwa nzuri." Na ile ya baada yake: "Kulikuwa na joto." Hakuna tena kusi, hakuna mikeka, hakuna mtu wa Mafia ndani yake. Alikuwa kijana mwelevu, alijifunza nilichomfundisha. Chini ya insha hiyo ya mwisho nimeandika kwa wino ule ule mwekundu: "Vizuri sana. Umeendelea."

Sijui alipo. Kwa hesabu ya umri naye atakuwa amestaafu, baada ya kusahihisha maelfu ya insha, na ninaogopa kufikiri ni maneno mangapi aliyakata kwa mfano wangu. Nimeziandika alama zake mbili upya kwenye ukurasa ule, kwa kalamu ya bluu, na jumla nimeisahihisha. Najua haimsaidii kitu sasa. Lakini walimu wangali wako madarasani, na katika rundo la daftari lililo mbele ya mmoja wao jioni ya leo huenda limo neno ambalo halimo katika kamusi yake. Namwomba, kabla hajashika kalamu nyekundu, atoke nje kidogo asikie upepo unatoka wapi.